Mlinganyo wenye x pande zote mbili: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Mlinganyo kama 3x + 4 = 19 hauwasumbui wengi. Weka x upande wa pili pia, 3x + 4 = x + 18, na darasa zima linaanza kutoa majibu ya kila namna. Makosa hayo ukiyapanga utaona mengi yana chanzo kimoja, ile sentensi ya kukariri: "ikivuka upande inabadilisha alama."

Sentensi hiyo ni njia ya mkato. Haisemi ni alama gani inayobadilika wala kwa nini inabadilika. Kwenye 3x = 12, anayeifuata neno kwa neno anaivusha 3 na kuandika x = 12 − 3, anapata 9. Mwingine anavusha, anabadilisha alama, kisha anagawanya: x = 12 ÷ (−3), anapata −4. Wote wawili wametii kanuni na wote wawili wamekosa. Jibu ni 4.

Kwa hiyo hapa hakuna kitu kinachovushwa. Mlinganyo ni dai kwamba upande wa kushoto na upande wa kulia vina thamani moja. Ukijumlisha, ukitoa, ukizidisha au ukigawanya kwa kiasi kile kile kila upande, dai linabaki kuwa kweli (usizidishe tu kwa 0 wala kugawanya kwa 0). Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jambo hilo.

## Vinavyohitajika

- Karatasi yenye mistari, au yenye miraba ukiipata. Miraba husaidia alama za = kukaa safu moja kwenda chini.
- Penseli, na kalamu ya rangi nyingine ya kuandikia unachofanya kila upande.
- Kikokotoo si lazima. Ukiwa nacho, kiache hadi kwenye uhakiki.

Upande wa maarifa, hakikisha mambo matatu yako vidoleni: kujumlisha na kutoa namba hasi (kwa mfano −10 + 3 = −7, na 5 − (−2) = 7), kuzidisha alama (hasi kwa hasi ni chanya), na kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Anayeyumba kwenye namba hasi asianze na milinganyo. Atakuwa anakosa hesabu za kutoa huku akidhani anakosa aljebra.

Maneno mawili yatarudi mara nyingi. Kipande ni kila kitu kinachotengwa na alama ya + au − nje ya mabano. Kwenye 5x − 7 kuna vipande viwili, 5x na −7, na alama iliyo mbele ya kipande ni mali yake. Namba tupu ni kipande kisicho na herufi.

## Hatua ya 1: Nakili na utenganishe pande mbili

Tutaanza na mlinganyo huu:

5(x − 2) + 3 = 2x + 11

Unakili kama ulivyo, kisha pigia alama ya = mstari mwembamba wa wima unaoshuka hadi chini ya ukurasa. Kila mstari wa kazi utakaoandika uwe na alama ya = moja tu, na alama hiyo ikae juu ya mstari huo wa wima.

Sababu ni ya kivitendo. Wengi huandika mfululizo kama 5x − 7 = 2x + 11 = 3x − 7 = 11. Mfululizo huo unadai kwamba 5x − 7 ni sawa na 3x − 7, jambo ambalo si kweli hapa, na baada ya mistari miwili mwandishi mwenyewe hajui tena upande upi ni upi.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kufunika upande mmoja kwa kiganja na upande wa pili ukasomeka wote bila kubaki kitu chini ya kiganja.

## Hatua ya 2: Fungua mabano

Namba iliyo nje ya mabano huzidisha kila kipande kilicho ndani, si cha kwanza peke yake:

5x − 10 + 3 = 2x + 11

Hii ndiyo hatua inayoharibu milinganyo mingi kuliko nyingine zote, hasa palipo na alama ya kutoa mbele ya mabano. Tazama huu:

4 − 3(x − 5) = 2x − 1

Kuna njia mbili maarufu za kuukosea.

Ya kwanza ni kutoa 3 kwenye 4 kabla ya yote, ibaki 1(x − 5). Inaonekana ni halali kwa sababu 4 − 3 imekaa pamoja mwanzoni. Lakini ile 3 imeshikamana na mabano kwa kuzidisha, na MAGAZIJUTO (mpangilio wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasema kuzidisha kunatangulia kutoa. Huwezi kuichomoa 3 humo ukaitumia kwingine.

Ya pili ni kuandika 4 − 3x − 15. Hapa mtu amezidisha kwa 3 na kuisahau alama ya kutoa alipofika kwenye kipande cha pili. Kinachozidisha mabano ni −3, pamoja na alama yake. −3 mara x ni −3x, na −3 mara −5 ni +15:

4 − 3x + 15 = 2x − 1

Dawa inayofanya kazi ni kuizungushia duara −3 nzima, alama ikiwa ndani ya duara, kabla ya kugusa kitu. Kisha chora mshale mmoja kwa kila kipande cha ndani. Mishale miwili, majibu mawili. Mshale usio na jibu mwishoni utauona mara moja.

Mbele ya mabano kukiwa na alama ya kutoa peke yake bila namba, kama 8 − (x − 6), andika 1 iliyojificha: 8 − 1(x − 6). Inageuka 8 − x + 6.

Umefanikiwa ikiwa: hakuna mabano yaliyobaki, na idadi ya vipande vilivyotoka ni sawa na idadi ya vilivyokuwa ndani.

## Hatua ya 3: Ondoa sehemu na desimali, kama zipo

Mlinganyo wetu wa kwanza hauna sehemu, kwa hiyo hatua hii unairuka. Ukiwa na sehemu, usianze kujumlisha sehemu zenyewe. Zidisha kila upande kwa KDS ya asili zote (namba zilizo chini ya mstari wa sehemu), na sehemu zitakwisha kwa mkupuo.

(x + 3)/2 − (x − 1)/3 = x/3 + 1

Asili ni 2, 3 na 3. KDS ni 6. Kabla ya kuzidisha, weka mabano kwenye kila kiasi (kilicho juu ya mstari wa sehemu) chenye vipande viwili. Mstari wa sehemu ulikuwa unafanya kazi ya mabano, na ukiuondoa bila kuweka mabano umeivunja kazi hiyo.

3(x + 3) − 2(x − 1) = 2x + 6

Angalia kipande cha mwisho. Ile 1 haikuwa na sehemu, lakini nayo imezidishwa kwa 6. Kuisahau ni kosa la kawaida mno: mtu huiacha 1 kwa kuwa "haina asili", anaishia na x = 10, na hajui kwa nini.

Sasa fungua mabano, ukiikumbuka −2:

3x + 9 − 2x + 2 = 2x + 6

Kwa mlinganyo wa sehemu, basi, ni rahisi zaidi kufanya hatua ya 3 kabla ya hatua ya 2. Mpangilio wa hatua hizi mbili si amri.

Kwa desimali, tafuta kipande chenye tarakimu nyingi zaidi baada ya nukta na zidisha vyote kwa kiasi kimoja. Kwenye 0.4x + 1.5 = 0.25x + 3, kipande chenye tarakimu nyingi ni 0.25, tarakimu mbili, kwa hiyo kila kitu kinazidishwa kwa 100:

40x + 150 = 25x + 300

Usizidishe 0.4 kwa 10 na 0.25 kwa 100 kwa sababu tu zinatosha kuwa namba nzima. Ukifanya hivyo pande mbili hazijazidishwa kwa kiasi kimoja, na dai la usawa limekufa. Ukimalizia mfano huu utapata x = 10.

Umefanikiwa ikiwa: kila kipande, pande zote mbili, ni namba nzima au herufi yenye namba nzima mbele yake.

## Hatua ya 4: Safisha kila upande peke yake

Kabla ya pande mbili kukutana, kila upande ujumlishe vya kwake. Tukirudi kwenye mfano wetu wa kwanza, kushoto kuna −10 na +3:

5x − 7 = 2x + 11

x hujumlishwa na x, namba tupu na namba tupu. 5x − 7 haiwi −2x. Ukiwa na shaka, jaribu kwa namba: chukua x = 10. 5x − 7 inakuwa 43, na −2x inakuwa −20. Si kitu kimoja. (Usijaribu kwa 1. 5 − 7 ni −2, na −2 × 1 ni −2 pia, kwa hiyo 1 itakudanganya kwamba uko sahihi.)

Umefanikiwa ikiwa: kila upande una vipande visivyozidi viwili, kimoja cha herufi na kimoja cha namba tupu.

## Hatua ya 5: Ondoa herufi upande mmoja

Hapa ndipo mlinganyo huu unapoachana na ule mwepesi. x ipo pande zote mbili, nasi tunataka ibaki upande mmoja.

Linganisha 5x na 2x. Chukua kipande chenye namba ndogo mbele ya x, yaani 2x, na ukitoe kila upande. Kwa kalamu ya rangi, andika chini ya pande zote mbili:

5x − 7 = 2x + 11
−2x    −2x
3x − 7 = 11

Kulia, 2x − 2x ni 0, kwa hiyo x imekwisha huko. Haikwenda popote. Imeondolewa pande zote mbili, na kushoto zimebaki 3x.

Kwa nini uondoe iliyo ndogo? Ukiondoa 5x badala yake utapata −7 = −3x + 11. Si kosa, na jibu litatoka lile lile, ila sasa unaburuta −3 hadi mwisho, na hasi ya mwisho ndiyo watu wanayoisahau. Ukiondoa ndogo, kinachobaki mbele ya x huwa chanya daima.

"Ndogo" hapa ni kwa mstari wa namba, si kwa ukubwa wa tarakimu. Kati ya −7x na −2x, ndogo ni −7x, kwa sababu −7 iko kushoto zaidi. Na kipande chenye alama ya kutoa unakiondoa kwa kujumlisha:

3 − 7x = 13 − 2x
+7x    +7x
3 = 13 + 5x

Herufi imebaki kulia, na hapo wengi hushtuka na kutaka kuirudisha kushoto. Iache. Kama 3 ni sawa na 13 + 5x, basi 13 + 5x ni sawa na 3. Ukitaka kuandika upya kwa kubadilishana pande zote nzima, andika 13 + 5x = 3 bila kugusa alama hata moja. Kubadilishana pande nzima hakubadilishi alama. Ile sentensi ya "kuvuka" imewafanya watu wageuze alama hapa pia, bure kabisa.

Umefanikiwa ikiwa: herufi inaonekana upande mmoja tu.

Onyo: usiondoe herufi kwa kugawanya kwa x. Kwenye 7x = 2x, anayegawanya kwa x anapata 7 = 2 na kutangaza kwamba hakuna jibu. Jibu lipo: toa 2x kila upande, 5x = 0, x = 0. Kwa kugawanya kwa x aligawanya kwa 0 bila kujua.

## Hatua ya 6: Ondoa namba tupu iliyo jirani na herufi

3x − 7 = 11
+7    +7
3x = 18

Kwa nini namba tupu ianze kuondoka kabla ya ile 3 inayozidisha? Mtu akipewa x na kuambiwa akokotoe 3x − 7, MAGAZIJUTO inamwambia azidishe kwanza halafu atoe. Sisi tunafumua kazi hiyo, na kufumua huanza na fundo lililofungwa mwisho. Unaweza kugawanya kwanza, ila itabidi ugawanye kila kipande, na −7 ÷ 3 itakuletea sehemu ambazo hukuzihitaji.

## Hatua ya 7: Gawanya

Kinachozidisha x ni 3. Gawanya kila upande kwa 3, pamoja na alama yake ikiwa ni hasi:

x = 6

Mambo matatu hukwamisha hapa.

−x = 8 haijaisha. Ni −1x = 8, kwa hiyo gawanya kwa −1: x = −8.

4x = 7 haina kasoro yoyote. x = 7/4. Watu wengi wakipata sehemu hurudi nyuma kutafuta kosa ambalo halipo, au wanageuza kuwa 4/7 kwa sababu wamezoea sehemu yenye namba ndogo juu na kubwa chini. Kinachogawanya ni namba iliyokuwa mbele ya x, iwe kubwa au ndogo. Na usiikadirie kwa desimali pasipoombwa. Jibu kama 5/3 ukiandika 1.67 uhakiki hautasawazika.

5x = 0 inatoa x = 0, na hilo ni jibu kamili. Sifuri ni namba.

## Hatua ya 8: Hakiki kwenye mlinganyo wa mwanzo

Rudi kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule ulionakili. Kokotoa kila upande kivyake, ukiweka mabano kwenye thamani ya x.

Kushoto: 5((6) − 2) + 3 = 5 × 4 + 3 = 23
Kulia: 2(6) + 11 = 23

Zimelingana, kazi imekwisha.

Mabano yana umuhimu zaidi thamani ikiwa hasi. Kwenye 3 − 7x = 13 − 2x jibu ni −2. Ukiandika 3 − 7(−2) unapata 3 + 14 = 17, na kulia 13 − 2(−2) = 17. Ukiandika 3 − 7 − 2 unapata −6 na kulitupa jibu lililokuwa sahihi.

Usihakiki kwenye mstari wa katikati. Chukua aliyekosea mabano hapo juu:

4 − 3(x − 5) = 2x − 1
4 − 3x − 15 = 2x − 1
−11 − 3x = 2x − 1
−10 = 5x
x = −2

Akihakiki kwenye mstari wa tatu, kushoto ni −11 + 6 = −5, kulia ni −4 − 1 = −5. Zinalingana vizuri kabisa, na jibu ni kosa. Mstari wa kwanza ndio unaomfichua: kushoto 4 − 3(−7) = 25, kulia −5.

## Uhakiki ukikataa: jinsi ya kulipata kosa

Usifute kazi yote na kuanza upya. Jibu lenye kosa litakuonyesha lenyewe mahali pa kosa.

Chukua thamani uliyoipata, hapa −2, na uiweke kwenye kila mstari kuanzia wa chini kwenda juu. Mstari wa nne: −10 na 5(−2) = −10, sawa. Wa tatu tumeuona, sawa. Wa pili: 4 + 6 − 15 = −5 na −5, sawa. Wa kwanza: 25 na −5, haulingani. Kosa liko kati ya mstari wa kwanza na wa pili, yaani kwenye kufungua mabano. Hakuna haja ya kukagua kwingine kwanza.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu hatua sahihi haibadilishi jibu la mlinganyo. Mistari yote iliyo chini ya kosa inakubaliana na jibu baya. Mistari ya juu yake inalikataa. Ukisharekebisha, kazi sahihi ni hii:

4 − 3x + 15 = 2x − 1
19 − 3x = 2x − 1
19 = 5x − 1
20 = 5x
x = 4

Kushoto 4 − 3(−1) = 7, kulia 8 − 1 = 7.

Na ule wa sehemu kwenye hatua ya 3 unaendelea hivi: x + 11 = 2x + 6, kisha 11 = x + 6, kisha x = 5. Kushoto 8/2 − 4/3 = 8/3, kulia 5/3 + 1 = 8/3.

Kasoro moja ya njia hii: ikiwa uliunakili mlinganyo vibaya tangu mwanzo, kila mstari utalingana. Linganisha nakala na swali kabla hujajisifu.

## Pale x inapotoweka pande zote mbili

Mara nyingine, kwenye hatua ya 5, x inaisha kushoto na kulia kwa pamoja. Si lazima uwe umekosea. Soma kilichobaki.

3(x + 2) = 3x + 10
3x + 6 = 3x + 10
6 = 10

Kilichobaki ni uongo. Hakuna namba yoyote inayoweza kuufanya mlinganyo huu uwe kweli. Andika: hauna jibu.

2(3x − 4) = 6x − 8
6x − 8 = 6x − 8
−8 = −8

Kilichobaki ni kweli bila kutegemea x. Kila namba ni jibu. Andika: kila namba ni jibu, wala usiandike x = −8, kosa linalotokea kwa sababu macho yanatafuta namba ya kuandika mwishoni.

Hali hizi mbili zisichanganywe na x = 0. Kwenye 7x + 5 = 2x + 5 namba tupu ndizo zinazoisha, x inabaki: 5x = 0. Hapo kuna jibu moja, nalo ni 0.

## Mafumbo ya maneno

Kukokotoa kukishakaa sawa, kinachobaki kigumu ni kuunda mlinganyo. Andika kwanza, kwa sentensi nzima, herufi inasimamia nini pamoja na kipimo chake. "t ni idadi ya dakika" inatosha. "T ni matangi" haina maana yoyote.

*Tangi la kwanza lina lita 300 na linavuja lita 12 kila dakika. Tangi la pili lina lita 60 na linajazwa lita 8 kila dakika. Baada ya dakika ngapi yatakuwa na maji sawa?*

Neno "sawa" ndilo linaloonyesha alama ya = inakaa wapi. Andika maji ya kila tangi peke yake, kisha yalinganishe:

300 − 12t = 60 + 8t
300 = 60 + 20t
240 = 20t
t = 12

Hakiki kwenye fumbo, si kwenye mlinganyo ulioutunga, kwa kuwa mlinganyo wenyewe unaweza kuwa na kosa. Baada ya dakika 12 la kwanza limepoteza lita 144, zimebaki 156. La pili limeongezewa 96, limefika 156.

*Mama ana miaka 38, mtoto ana miaka 8. Baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara tatu ya umri wa mtoto?*

Mtego ni kuandika 38 + t = 3 × 8 + t. Mtoto naye anakua kabla ya kuzidishwa, kwa hiyo umri wake mpya wote uingie kwenye mabano: 38 + t = 3(8 + t). Inatoka 38 + t = 24 + 3t, kisha 14 = 2t, t = 7. Mama 45, mtoto 15.

Kuwa macho pia na neno "pungufu". "5 pungufu ya mara tatu ya namba" ni 3n − 5. Kinachotajwa kwanza kwenye sentensi ndicho kinachotolewa.

## Mazoezi

Fanya yote kwa kuandika unachofanya kila upande, hata pale unapoliona jibu kichwani.

1. 9x − 4 = 6x + 11
2. 8 − x = 3x + 20
3. 6 − 2(3x − 1) = 4x − 12
4. (2x − 1)/3 = (x + 4)/2
5. 0.3x − 0.06 = 0.1x + 0.5
6. 4(x + 1) − x = 3x + 4
7. 11x = 4x
8. 5(2x + 3) = 10x − 1

Majibu: (1) 5, (2) −3, (3) 2, (4) 14, (5) 2.8, (6) kila namba ni jibu, (7) 0, (8) hauna jibu.

Ukipata 3 kwenye swali la 2, uliacha alama ya hasi njiani. Rudi hatua ya 5. Ukipata 1.6 kwenye la 3, ulifungua mabano na kuandika −2 badala ya +2. Ukipata 5 kwenye la 4, ulizidisha 2x kwa 2 lakini hukuizidisha −1, na upande wa pili ulizidisha x kwa 3 ukaiacha 4: mabano ya hatua ya 3 hayakuwekwa.